Koti la Mama wa Bibi Harusi

Koti ambalo Nyirabagenzi alipewa na watu wa kanisa wiki aliyofika Louisville lilikuwa nene kama godoro. Mikono yake ilisimama mbali na mbavu, na akiketi kwenye basi lilimpanda mpaka masikioni. Alilivaa miaka yote akienda kiwandani kufua mashuka ya hospitali, na hakuona haya, maana baridi haina macho. Lakini binti yake Umutesi alipompigia simu kutoka Buffalo kumwambia kwamba ataolewa Februari ile ya 2015, furaha yake ilikwama kwenye koti hilo. Hawezi kusimama mlangoni nalo.

Kwao Kongo, milimani Mulenge, familia zao zilishika desturi moja: binti hatoki nyumbani mpaka mama yake afunikwe. Watu wa mume huleta kitu cha kuufunika mgongo wa mama, kwa sababu mgongo huo ndio uliombeba mtoto. Zamani ilikuwa ngozi ya ndama, baadaye kitambaa, na huku Marekani imekuwa koti. Mama huvikwa mlangoni mbele ya watu, mushanana, lile vazi la sherehe la kutupia begani, hufungwa juu ya koti, kisha yeye ndiye anayemshika binti mkono na kumtoa. Kama mama hajafunikwa, wimbo wa harusi hukatwa, na wote husimama wakingoja. Na mama hajinunulii, wala hataji kipimo cha mwili wake. Anayejifunika mwenyewe ametangaza kwamba hana mtu.

"Theodosia anasema watakuletea jaketi la ski," Umutesi alimwambia kwenye simu. Theodosia alikuwa shangazi wa bwana harusi, msimamizi wa mambo ya wanawake. "Yale membamba, mama. Yana joto lakini yanashika mwili. Mushanana inalala vizuri juu yake, huonekani kama una kibyongo."

"Na mwili wangu wataujuaje?"

"Watamuuliza papa. Si ndiyo desturi?"

Papa huyo, Ezéchias, aliondoka Louisville akisema anakwenda Columbus kutafuta kazi ya ghalani, akipata nyumba atawaita. Nyumba aliipata, kule Hilliard, pembeni mwa Columbus. Aliyeitwa akawa Bamurange, msichana mrefu, mwembamba kama fito, aliyekuwa bado ananyonya wakati Nyirabagenzi anaolewa. Ezéchias aliwaambia wazee wa kanisa kwamba mke wa kwanza alikataa kumfuata. Wazee hawakuinua simu kumuuliza mke wa kwanza. Ndivyo wanaume wanavyoamua kesi: mshitaki wao, shahidi wao, hakimu wao.

Jumamosi moja Nyanchama, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa jirani yake, alikuwa anakwenda dukani kwa gari. Nyirabagenzi aliomba kufuatana naye. Alisema anataka kuangalia tu.

Waliangalia mpaka miguu ikauma. Majaketi yaliyompita kifuani yalimvimba kama puto. Yaliyokuwa membamba yalishonewa wasichana wasio na nyonga, yalifungwa mpaka tumboni yakagoma hapo.

"Mama, hawa watu hawajui mwanamke huzaa?" Nyanchama alisema, akivuta zipu huku amepiga goti. "Vuta pumzi. Vuta zaidi!"

"Nikivuta zaidi utanizika nalo."

Walicheka mpaka muuzaji akageuka. Kisha, kwenye mstari wa mwisho, Nyanchama alichomoa moja la rangi ya zambarau iliyoiva. Nyirabagenzi aliingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, na zipu ikapanda yenyewe mpaka kidevuni. Halikubana. Halikuning'inia. Lilimfuata kiunoni, likapanuka kidogo kwenye nyonga, likatulia. Aliuondoa mtandio kichwani, akautupa begani jinsi mushanana inavyotupwa, ukalala kama maji juu ya jiwe. Kwenye kioo alimwona mwanamke ambaye hakuwa amemwona tangu Kongo.

"Chukua, mama. Ukiliacha hulipati tena."

"Siwezi kujifunika mwenyewe, binti yangu."

"Nani atajua?"

"Mimi."

Akalivua, akalirudisha kwenye hanga, akalifunga zipu mpaka juu kama mtu anayemfunga mtoto vifungo. Usiku na mchana baada ya hapo alilifikiria, lakini hakurudi. Aliwaamini watu wa desturi. Hilo ndilo kosa lake, na halina jina lingine.

Siku mbili kabla ya harusi alipanda basi hadi Columbus, kwa sababu upande wa binti ulitakiwa kukutana nyumbani kwa baba na kusafiri pamoja. Alimkuta Ezéchias sebuleni, amenenepa. Kando yake alisimama Bamurange, na mwilini mwa Bamurange kulikuwa na jaketi jipya la ski, jembamba, la rangi ya samawati, limemkaa kana kwamba limemwagwa.

"Karibu, Mama Umutesi," Bamurange alisema. "Nalijaribu tu. Limetumwa na watu wa Buffalo."

"La nani?"

Bamurange akamtazama mumewe. Mumewe akatazama dirisha.

"Lete," Nyirabagenzi alisema.

Alilivaa palepale. Mikono ilimfunika vidole. Pande mbili za zipu hazikukutana kifuani, zilitazamana tu kwa mbali kama wajane wawili.

"Usilivute, Mama Umutesi, utavunja zipu," Bamurange alisema kwa upole, na upole huo ulichoma kuliko tusi.

"Ezéchias. Uliwapa vipimo vya nani?"

"Bon," alisema, akikohoa. "Waliuliza nani atasimama mlangoni pamoja na mimi. Donc nikawaambia, aliye nyumbani kwangu. Usilete maneno. Utakaa mbele kanisani, watu watakuona."

"Wakati wa vita nani alimbeba Umutesi kutoka Minembwe mpaka Uvira?"

"Wote tulikimbia."

"Wewe ulikimbia nyuma ya ng'ombe. Ng'ombe walikufa, mtoto hakufa. Alikuwa mgongoni kwangu."

"Mama Umutesi, mambo ya zamani hayo."

Husemwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Siku ya kupokea shukrani, wanaoujua huwa wengi.

Njia nzima hadi Buffalo Nyirabagenzi alikaa kiti cha nyuma akiwa amelikumbatia koti lake la godoro, na moyoni alibaki na tumaini moja: Umutesi. Mtoto angesema neno moja tu, na koti la samawati lingerudi kwenye mfuko. Asubuhi ya harusi alimvuta hadi jikoni, katika nyumba ya mtaa wa Riverside ambamo binti aliishi na wenzake, akamweleza yote.

Umutesi alikuwa tayari amepakwa vipodozi usoni. Hakuthubutu kulia. Alijibu kwa Kiingereza, kama alivyofanya kila alipotaka mazungumzo yaishe: ni jaketi tu, mama. Kisha akaona uso wa mama yake, akarudi kwenye Kiswahili.

"Papa amesema tukibadilisha, yeye haingii kanisani. Wageni wamefika. Leo tu, mama. Nivumilie leo tu."

"Nimekuvumilia kilomita ngapi?" Nyirabagenzi aliuliza, lakini binti alikuwa ameshaitwa.

Nje theluji ilikuwa imesukumwa pembeni ikafika kiunoni, na upepo wa mtoni ulikata mashavu. Watu wa mume walijaa uani wakiimba. Theodosia alipanda ngazi za baraza, akamvika Bamurange jaketi la samawati, akamfungia zipu, akamtupia mushanana begani. Ililala vizuri sana. Wanawake wakapiga vigelegele.

Nyirabagenzi alikuwa pembeni ya baraza, nyuma ya wapishi. Hapo akakumbuka kwamba desturi ina upande wa pili, na hawakuweza kumnyang'anya. Mama asipofunikwa, wimbo hukatwa. Akafungua godoro lake, akaliacha lianguke miguuni. Alibaki na mushanana yake ya hariri, bega moja wazi, katika baridi ya Buffalo. Akasogea mbele ili aonekane.

Kama yeye ni mama, watanyamaza.

Theodosia alimwona. Mkono wake ulisita kidogo hewani, kisha ukaendelea kupiga makofi. Ezéchias alimwona. Umutesi alitokea mlangoni katika shela nyeupe, mkono wake ukiwa mkononi mwa Bamurange, naye pia akamwona. Mdomo wake ulifunguka. Nyirabagenzi alisubiri, meno yakigongana, bega likiwaka kama limemwagiwa maji ya moto. Wimbo ukaingia ubeti mwingine. Umutesi akateremsha macho, akainua shela isiguse theluji, akashuka ngazi.

Wakampita. Wakapita watu wa mume, wakapita wapishi na sufuria zao. Milango ya magari ikafungwa.

Mama mmoja wa upande wa mume, ambaye hakumfahamu, alirudi mbio kuchukua ufunguo aliousahau. Akamkuta bado amesimama. Akaliokota lile koti, akalikung'uta theluji.

"Bibi, jifunike, utaugua," alisema kwa huruma ya kweli. "Wewe ni mgeni wa nani?"

Nyirabagenzi alinyoosha mikono iliyokufa ganzi. Alipokea koti, akalivaa mwenyewe.