Kisu Hakitagusa Tumbo Hili

Kila aliyesali naye alimwita Jemadari, na hata mchungaji alipojisahau alimwita hivyo mbele ya kanisa zima. Kazi yake ilikuwa udobi. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na chumba cha kufulia chenye makarai, kamba zilizovutwa kutoka ukuta hadi ukuta, na meza ndefu ya kupigia pasi. Shuka za nyumba za wageni ziliingia humo na madoa ya kila namna, zikatoka nyeupe, zimekunjwa kona kwa kona. Alifua huku akiomba kwa sauti, na mpita njia aliyetega sikio dirishani asingejua kinachokemewa ni doa au ni shetani.

Alikuwa mjane. Alizaa watoto watano, wote nyumbani, na jambo hilo hakulipa mapumziko. Zamu yake ya kutoa ushuhuda kwenye umoja wa wanawake ilipofika, wenye haraka waliaga mapema. Angesimulia jinsi uchungu wa kwanza ulivyomkuta na pasi mkononi, naye akamalizia shati la mteja kwanza ndipo akaenda kulala chini. Wanawake walicheka, wakapiga vigelegele, na mama wa kweli akawa yule wa kwenye ile hadithi. Hakuna aliyetamka kwamba waliozaa kwa upasuaji ni mama pungufu. Walijifunza wenyewe kukaa viti vya nyuma siku za ushuhuda, akiwemo muuza maziwa mmoja mpole aliyekuwa na watoto wawili na asiyewahi kusimama kusema lolote juu yao.

Kitinda mimba wake, fundi umeme, alioa msichana mkimya ambaye mama yake alifariki angali mdogo. Msichana huyo alipoingia katika nyumba ile alianza kusema "mama" siku ya kwanza, kama mtu aliyelitunza neno hilo muda mrefu akikosa pa kulitumia. Jemadari alimpenda. Ndipo hatari ilipokuwa, maana upendo wa Jemadari ulikuwa na sauti kubwa.

Mimba ilipokomaa, Jumapili moja baada ya ibada, alimsimamisha mkwe wake mbele ya wanawake wenzake, akamwekea mkono tumboni na kutamka, "Kisu hakitagusa tumbo hili. Mtoto huyu atapita njia aliyoandaliwa na Mungu." Wanawake wote wakasema amina. Mkwe naye akasema amina.

Katika kanisa lile, neno likishatamkwa juu yako na kutiwa amina si la kuchezea. Likitimia, sifa ni za aliyelitamka. Lisipotimia, watu hawamuulizi aliyelitamka. Wanamtazama aliyetamkiwa na kujiuliza imani yake ilipungukia wapi. Mkwe alilijua hilo, na tangu siku ile alikuwa akilala usingizi wa mang'amung'amu.

Uchungu ulimshika alfajiri. Mchana ukafika, mtoto hajasogea. Wanawake wa umoja walikuja na vitenge vyao, wakakaa kwenye nyasi za ua wa hospitali, chini ya madirisha ya wodi ya wazazi, wakiimba taratibu. Jemadari alisimama kwenye korido pamoja na mwanawe, na kila muuguzi alipopita alimwambia, "Hali ni nzuri," kana kwamba yeye ndiye aliyeajiriwa pale.

Daktari alitoka akivua glavu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye uso uliochoka.

"Mtoto amechoka," alisema. "Kila uchungu ukija, mapigo yake ya moyo yanashuka. Nataka kumpasua mama sasa hivi, lakini amekataa. Ana akili timamu, siwezi kumlazimisha."

Fundi umeme, mwanaume anayepanda nguzo mvua ikinyesha, alimgeukia mama yake kama mtoto aliyepotelewa na kiatu. "Mama, unasemaje?"

"Mpeni muda," Jemadari alisema. "Mtoto wa kwanza huwa anachelewa. Hata mimi—"

"Muda ndio tusio nao," daktari alimkatiza. "Tukisubiri, tunaweza kuwapoteza wote wawili. Nimemuuliza sababu, ananiambia mama alishatamka. Kama mama huyo ni wewe, ingia."

Jemadari aliingia. Si vizuri kulisema, ila ndivyo ilivyokuwa: kati ya mlango na kitanda, jambo la kwanza alilowaza ni wale wanawake kwenye nyasi. Aliwaza atawatazama kwa uso gani. Kisha akakisikia kile kidude walichomwekea mkwe tumboni, kikitoa mdundo wa moyo wa mtoto. Ulikwenda mbio, ukapungua, ukapungua tena, hadi yeye mwenyewe akasahau kuvuta pumzi. Muuguzi alimgeuza mkwe ubavu na mdundo ukarudi kwa kusitasita.

Mkwe alikuwa amelowa jasho, midomo imepauka. Alimwona, akajaribu kutabasamu.

"Usiogope, mama," alisema. "Sitakuaibisha."

Hapo Jemadari akashika reli ya kitanda. Alikuwa amesikia mengi maishani, matusi na misiba, lakini hakuna lililomkata maini kama hilo. Binti huyu alikuwa anakufa kwa adabu.

"Nani amekwambia utaniaibisha?"

"Ulitamka, mama. Nikikatwa watasema sikuamini. Watasema umeletewa mkwe asiye na imani."

"Basi nalifuta. Neno lile nalifuta sasa hivi, mbele ya Mungu. Mwambie daktari umekubali."

Mkwe alitikisa kichwa, machozi yakimtiririkia masikioni. "Unalifuta kwa kunionea huruma. Kanisa zima lilisema amina. Na mimi nilisema." Uchungu ukamshika tena, akauma shuka, na mdundo ukaanza kushuka.

"Mama," daktari alisema kwa sauti ya chini, "nahitaji jibu sasa."

Jemadari alilifuata dirisha. Lilikuwa limegandishwa na rangi. Alilipiga kwa viganja vile vilivyokamua shuka miaka yote, likafunguka kwa kishindo. Chini, wimbo ulikatika. Nyuso zote zilimtazama, zikisubiri habari njema.

"Wanawake wenzangu, nisikilizeni," alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilitetemeka. "Neno nililolitamka juu ya mkwe wangu halikutoka kwa Mungu. Mungu hakuniambia lolote. Lilitoka kwangu mimi, kwa kiburi changu cha kuzaa, nikalipaka jina la Mungu ili mlikubali. Sasa binti yuko tayari kufa ili nisionekane mwongo. Mtoto atatoka kwa kisu, na kisu hicho kibarikiwe. Semeni amina asikie."

Hakuna aliyejibu. Mmoja alitazama nyasi, mwingine alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Mtu akishakuzoesha ngurumo, hujui umjibu nini anapokuomba. Nyuma yake mdundo ulikuwa unakwenda polepole kupita kiasi.

Ndipo muuza maziwa akasimama huko nyuma alikokuwa amekaa. Hakumtazama Jemadari. Alitazama dirisha tu, akasema kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua anayo, "Amina."

Aliyekuwa karibu naye akaitikia. Kisha wawili, kisha wote, na amina ile ikapanda ukuta hadi kitandani.

Mkwe alifumba macho. "Haya," alimwambia daktari. "Nikateni."

Walimsukuma mbio, na milango ikafungwa. Jemadari alikaa kwenye benchi la korido akatafuta maombi, akakosa. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa yamekauka. Aliweza kusema "Bwana, hao wawili" tu, akarudia, akarudia. Mwanawe aliegemea ukuta, akilia bila kujificha.

Muuza maziwa alipanda ngazi, akaja akaketi kando yake.

"Bwana wetu alifufuka na makovu yake," alisema. "Hakuona haya kuwaonyesha rafiki zake. Mimi yangu nimeyaficha miaka yote hii kwa ajili ya hadithi yako ya pasi, Jemadari."

Jemadari alimshika mkono, na mwenzake hakuuondoa.

Sauti ya mtoto ilipowafikia ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza kidogo, halafu ikawa ya hasira kabisa. Muuguzi akachungulia mlangoni. Mtoto wa kike. Mama yake amepoteza damu nyingi, wanaendelea kumshona. Kwa hiyo hawakushangilia. Walikaa vilevile, mkono kwa mkono, mpaka daktari alipotoka na kusema kwamba na mama atapona.

Kesho yake Jemadari aliruhusiwa kuingia wodini. Mtoto alikuwa amelala kifuani kwa mama yake, ngumi ndogo imekunjwa. Mkwe alimwona mama mkwe wake na hakutabasamu. Aligeuza uso ukutani.

"Mama, nisamehe," alisema. "Sikumzaa. Walimtoa."

Jemadari alivuta pumzi. Alisogea kando ya kitanda, na kwa magoti yale yaliyochakaa kwa kuinamia makarai, akapiga magoti kwenye sakafu ya wodi, wagonjwa wote wakitazama.

"Mwanangu, mimi nilizaa watano," alisema, "na hakuna hata siku moja niliyoulizwa kama niko tayari kukatwa mwili wangu ili mwanangu aishi. Sijui ningejibu nini. Wewe uliulizwa, ukakubali."

Kisha akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Mkwe aligeuka, akamtazama kwa hofu, maana salamu ile haishuki kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo.

"Niitikie," Jemadari alisema. "Magoti yananiuma."

Mkwe alimkumbatia mwanawe kwa mkono mmoja, akaunyoosha ule mwingine hadi ukafika kwenye kilemba cha yule dobi.

"Marahaba," akasema.