Lea Apima Mizani

Lea mke wa Stefano hakuwahi kuamini kipimo cha mtu mwingine. Ukitaka kumuuzia karanga, kwanza atakipindua kibaba chako, atakigonga, atachungulia ndani kama hukuongeza kitako kwa nta. Watu wa kijiji chao cha ujamaa, upande wa Chanzuru, walimcheka na kumwogopa kwa pamoja, hasa wale wenye vibaba vyenye vitako vinene.

Lakini mwaka ule wa sabini na tatu kilichopimwa hakikuwa karanga. Alikuwa mume wake. Stefano alilazwa hospitali ya Kilosa miezi mitatu kwa kifua kikuu, akatoka amebaki mbavu na macho. Daktari alimruhusu aende na vidonge vyake kwa sharti moja: siku ya kliniki, mwezi wa saba, awe amefika kilo hamsini na nne. Asipofika, atalazwa tena, na safari hii huenda Morogoro. Stefano aliapa kwamba kuliko kurudi kwenye kitanda kile, heri alale porini na ngedere. Lea naye alikuwa na hofu yake. Baba yake mzazi alikufa kwa kifua hicho hicho, huku ndugu wakimsifia kila asubuhi kwamba anazidi kunawiri.

Zikabaki siku kumi. Kijijini palikuwa na mizani mbili tu za kumweza mtu mzima. Moja ilikuwa ya ghala la pamba, ile ya kuning'iniza. Ya pili ilikuwa mizani ndogo ya kukanyaga, iliyookotwa bafuni kwenye nyumba ya meneja wa shamba la mkonge aliyeondoka, sasa inakaa ofisi ya kijiji, na watu waliitumia tu kupandia wanapotaka kufikia kabati. Stefano aliikanyaga ile ya bafuni, ikasema hamsini na sita. Akatoka anapiga mluzi. Lea akamrudisha, akampeleka ghalani. Stefano akajining'iniza kwenye ndoano kwa mikono miwili kama mkungu wa ndizi, na Thadeo, karani wa pamba, akaandika hamsini na moja.

"Mimi naichagua ya bafuni," Stefano akasema. "Ile ina adabu."

"Mizani haichaguliwi kama mchumba, Baba Ida," Lea akamjibu. "Moja inasema umepona, nyingine inasema unakwisha. Nataka nijue ipi mwongo."

Basi akafanya jambo ambalo watu walilisimulia mpaka Msowero. Kijiji kilikuwa kimepokea mbegu za mahindi kutoka Kilangali, mifuko ambayo haijafunguliwa mdomo, kila mmoja umeandikwa kilo hamsini, mfuko ukiwa ndani ya hesabu. Shamba la mbegu la serikali halikosei uzito, Lea aliamini hivyo, na kwa Lea kuamini ni jambo kubwa. Akaomba mfuko mmoja, akautwika kichwani mpaka ghalani.

"Shikamoo, mama," Thadeo akasema.

"Marahaba. Nipimie hii."

Mfuko ukaning'inizwa. Mshale ukasimama kwenye hamsini, umetulia, kila mtu anauona. Thadeo akachukua kalamu, akaandika arobaini na nane.

"Thadeo mwanangu, mwenye macho haambiwi tazama. Mshale uko wapi?"

Thadeo akatazama mshale, akatazama daftari, akajikuna shingo. Alikuwa na miaka kumi anapima pamba, na kila mzigo hutoa kilo mbili za gunia kabla hajaandika. Mkono ulishazoea. Alimtolea Stefano kilo mbili za gunia, na Stefano alikuwa amevaa kaptula tu. Ghala zima likacheka, Lea akacheka zaidi ya wote.

Kisha mfuko ukapelekwa ofisini. Mizani ya bafuni ikasema hamsini na tatu. Walipouondoa mfuko, Lea akainama karibu na kioo: hata bila kitu juu yake, mshale haukulala kwenye sifuri. Ulikuwa umeketi kwenye tatu. Pembeni palikuwa na kigurudumu kidogo. Akakizungusha polepole mpaka mshale ukarudi sifuri. Akaupima mfuko mara tatu juu ya sakafu ya saruji, ikasema hamsini mara tatu. Akajaribu na kwenye jamvi, ikayumba. Akalikunja jamvi.

"Hii ndiyo yetu," akasema. "Kwenye saruji, asubuhi, kabla hujala, na kaptula ile ile."

Stefano akapanda. Hamsini na tatu. Kilo tatu za furaha zikayeyuka hapo hapo, akanuna siku mbili.

Lea hakuwa na muda wa mtu aliyenuna. Alimlisha ugali wa dona, maharage, uji wa karanga, na maziwa ya mama Naisenya, mfugaji, waliyobadilishana kwa mahindi. Mshale ulipanda kwa kusuasua, na siku mbili za mwisho Stefano hakwenda kabisa kupima. Alisema ameshachoka kukanyagakanyaga.

Siku ya kliniki, muuguzi Selestina akamwambia Stefano apande mizani. Lea akaona mifuko ya koti la mumewe imening'inia vibaya.

"Baba Ida, toa vilivyomo."

"Mama Ida, niache."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Sitaki daktari adanganyike. Mimi sitaki kilo, nakutaka wewe. Baba yangu nilimzika amesifiwa."

Stefano akatoa nati mbili nene za trekta, akaziweka mezani mbele ya Selestina, kisha akavua na koti lenyewe. Akapanda amefumba macho.

"Hamsini na nne," Selestina akasema.

Stefano akafumbua macho, akausoma mshale mwenyewe, akausoma tena. Alishuka polepole, akamshika mke wake mkono mbele za watu, jambo ambalo wanaume wa kwao hawalifanyi, naye Lea hakuuondoa. Wakachukua vidonge vya mwezi mwingine, wakaanza safari ya nyumbani.