Kigoda Nje ya Hema

Tangu Katanga ijitangaze nchi, mji wetu wa Elisabethville hauishiwi majina ya malazi. Wanaoshuka kwenye uwanja wa ndege wa Luano wana hoteli, mapadre wanaopita wana nyumba ya wageni ya misheni, na jirani yangu, mama wa Kasai aliyefukuzwa mtaani kwetu pamoja na wanawe kwa kuwa si wa Katanga, ana kambi.

Jumapili nilikwenda kumwona. Hema lake ni blanketi na katoni. Nilipoinama niingie, alinizuia kwa kiganja.

"Apana, baba. Umu sitakukaribisha. Miye pia niko mugeni."

Akatoa kigoda nje, akaniketisha, akanipa maji kwa mikono miwili. Nilipoaga alinisindikiza, kama ilivyo desturi, mpaka kwenye kamba wanapolinda askari. Hapo ikambidi asimame.

"Kwangu ningekufikisha mpaka ku barabara," akasema. "Siku nitarudia, utakuya, utaingia mu nyumba."

Nikaitikia kwa kichwa. Wakubwa watasema mama huyu ana pa kulala, na hawatakuwa wamesema uongo. Mimi sikuwa na kinywa cha kumwambia kwamba asubuhi ile, nikitoka kwangu, niliwakuta watu wakitundika mapazia yao kwenye madirisha ya nyumba yake.