Laptopu Iliyotiwa Chumvi Kama Ngozi

Chumvi inamwagika mezani.

Si ya kunyunyizia mayai. Ni chumvi ya mawe, ile ya kulambisha ng'ombe, na inatoka tumboni mwa laptopu kama mtama kwenye gunia lililotoboka. Fundi Winfrida Ntandu anaacha bisibisi hewani, anaziba mdomo kwa kiganja.

“Mama,” anasema polepole, “humu ndani kumepikwa nini?”

Enock, muuza viatu vya mtumba wa kibanda cha pili hapa mjini Singida, anachungulia. Mdomo wake haujui kukaa. “Hiyo tayari, dada. Inasubiri ndimu tu.”

Hakuna anayecheka. Mama aliyeileta, Rebeka wa kijiji cha Ihanja, ameinamia khanga yake. Kando yake ameketi mumewe, Mzee Simeoni, mwalimu wa kwaya na mnunuzi wa ngozi za ng'ombe. Tangu alipofanyiwa upasuaji wa koo mwaka jana, mzee huyu hana sauti. Husema kwa mikono, na mkewe humalizia.

Kilichotokea, mtu wa Ihanja atakuelewesha haraka. Upepo uling'oa bati, mvua ikashuka moja kwa moja juu ya laptopu. Mzee alikuwa kliniki, Dodoma. Rebeka, ambaye maisha yake yote amekausha ngozi kwa chumvi, akafanya analolijua: akaizika laptopu kwenye gunia la chumvi.

“Ngozi mbichi ukiipa chumvi, inatema maji yote,” anaeleza. “Nikasema na hii itatema.”

Imetema kweli. Imetema mpaka uhai.

Na humo ndani mna kitu kisicho na nakala. Kabla ya upasuaji, mzee alijirekodi akiimba sauti zote nne za kwaya, peke yake, ili waimbaji wajifunzie.

“Isipowaka,” anasema Rebeka, “mimi ndiye nitakuwa nimemnyamazisha mara ya pili.”

Mzee anamgusa bega na kutikisa kichwa. Anamkatalia. Lakini kwa mkono tu, na hilo ndilo linalomliza mkewe.

Laptopu nyingine zina diski ya kuchomoa na kuhamishia kwingine. Hii ni ndogo, ya bei nafuu. Kumbukumbu yake imechomelewa kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wenye mishipa yote ya umeme. Ubao ukifa, nyimbo zinazikwa nao.

Winfrida, mzaliwa wa Mwankoko mwenye miaka 34, hakuzaliwa na bisibisi. Alianza kwa kuuza kuku wa kienyeji stendi. Siku tenga zima lilipoondoka na basi bila yeye, alikwenda kuomba kibarua cha kufagia kwa fundi simu. Ujira wake ulikuwa ruhusa ya kutazama.

“Nilifagia mpaka sakafu ikanijua jina,” anasema. Leo, siku njema humpa shilingi elfu thelathini. Siku mbaya anapeleka nyumbani salamu.

“Lakini kuku ndio walinifundisha kazi. Kuku mgonjwa hakwambii kitu. Unamshika, unatafuta joto liko wapi.”

Anatoa betri kwanza. Anaosha ubao kwa spiriti na mswaki, chumvi inatoka na uchafu wa kijani wa kutu. Anagusisha ncha za mita ya kupimia umeme. Inalia tiii, bila kupumzika.

“Shoti,” anasema. “Umeme ukiingia tu, unapata njia ya mkato, haufiki unakotakiwa.”

Anaupa ubao umeme kidogo, volti moja tu, kisha anaumwagia spiriti tena. Watu wote wanainamisha vichwa. Ubao unameremeta kama uso uliotoka kunawa. Halafu, karibu na tundu la chaji, doa moja linakauka kabla ya mengine.

“Huyu hapa! Ndiye mwenye homa.”

Ni kapasita, kihifadhi umeme kidogo kuliko punje ya ulezi. Anaipuliza kwa hewa ya moto, anaing'oa. Mita inanyamaza. Kwenye kopo la majani ya chai ana vipande vya laptopu marehemu. Anachagua kapasita inayofanana, anaichomelea, anarudisha betri na kubonyeza kitufe.

Kimya.

Anabonyeza tena. Haiwaki.

Rebeka anainuka, anajifunga khanga. “Basi, mwanangu. Umejitahidi.”

“Kaa, mama. Sijakufukuza.”

Anashika lenzi ya mkono na kuufuata mshipa unaotoka kwenye kitufe. Katikati, chumvi imeula, umekatika. Anachuna uzi mmoja wa shaba mwembamba kama unywele, anauchomelea pengoni.  

Anabonyeza. Taa inawaka.

Rebeka anashika nguzo ya kibanda. Mzee anasimama, anaonyesha kidole: hapo, fungua hapo. Winfrida anafungua. Sauti ya mwanaume mzima inapanda juu, nyembamba, ikijilazimisha kuwa ya kina mama wa safu ya mbele. Enock anashikilia mbavu.

Ghafla wimbo unakatika. Sauti ileile, sasa nzito, inafoka: “Mama Anastazia! Toa hao kuku!”

“Nawatoa!” anajibu Rebeka, maana Mama Anastazia ndiye yeye, na tayari ameshageukia mlangoni. Hatua moja mbele, anaganda.

Enock kicheko kimemkauka. Anavua kofia mbele ya laptopu. “Shikamoo, mwalimu.”

Mzee Simeoni, mabega yakitikisika kwa kicheko kisichotoka, machozi yakitoka badala yake, anainua mkono. Marahaba.

Winfrida ananakili kila kitu, mara mbili. Anaweka akiba anunue hadubini ya kukuzia vitu vidogo, maana macho hayana vipuri. Na kabla ya hapo, anataka kuwa anapeleka meza yake Ihanja kila siku ya mnada.

“Niwafuate hukohuko,” anasema. “Nataka nifike kabla ya chumvi.”

Rebeka anamkabidhi simu yake ndogo ya tochi.

“Fundi, nyimbo wape kwaya,” anasema. “Mimi niwekee humu hapo pa kuku.”