Rate ya Homa

Pi, pi, pi. Niliusikia mlio huo wiki iliyopita nikiwa nimeketi nyuma ya pazia la zahanati, kabla sijamwona mgonjwa wala muuguzi. Ni mlio mdogo tu, kama wa kifaranga aliyefunikwa na kapu. Lakini ulinirudisha kijijini Mwello, upande wa Uganda, kwenye nyumba yetu ya bati, Jumapili moja ya mvua, na harufu ya panado iliyosagwa kwenye kijiko.

Nianze na baba. Alikuwa akibadilisha pesa mpakani Busia, kutwa nzima amesimama kati ya Kenya na Uganda, na kichwani mwake kila kitu duniani kilikuwa na rate, kiwango chake cha kubadilishia. "Kitu kina bei ya huku na bei ya kule," alipenda kutuambia. "Wewe jua rate tu, huwezi kupotea." Wala hakuwa peke yake. Huko kwetu mtoto hajajua kufunga viatu, lakini akivuka barabara na senti mkononi anajua azidishe au agawanye.

Kipimajoto alikikuta kwenye mtumba, ndani ya mfuko wa koti dogo lililotoka Amerika. Jioni hiyo alitupima sote kwapani, kikilia pi, pi, pi kila kilipomaliza, akampima na jirani yetu Mzee Obbo aliyekuja kuomba moto. Sote tulisoma tisini na nane na ushei. Mama alikuwa ameshasikia kliniki kwamba mtu mwenye afya ni thelathini na saba, kwa hiyo baba akagawanya namba moja kwa nyingine kwenye simu yake, akatabasamu kama aliyeokota kitu njiani. Rate ilikuwa mbili nukta sita tano. Mzee Obbo akataka kujua kama itapanda mwisho wa mwezi.

Kisha mdogo wangu Okoth akapata homa. Alikuwa bado hajajua hata kukaa. Mama alimpigia simu sista mmoja wa hospitali, Tororo, naye akasema tumpe dawa, tumpanguse kwa maji, tumwangalie. Ila joto likifika thelathini na tisa tusingoje, tumpeleke.

Jumapili mvua ilianza kabla ya kanisa na haikuacha. Barabara ya Tororo ilikuwa imegeuka uji mwekundu. Mimi, Athieno, nilikuwa nikiloweka kitambaa kwenye beseni, nakikamua, nampa mama, naye anamrudishia Okoth kifuani, na kila kiliponirudia kilikuwa na uvuguvugu kama kimetoka kwenye chai. Okoth hakulia. Hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa akitazama paa, midomo imekauka, akipumua haraka haraka kama mbwa aliyekimbizwa.

Pi, pi, pi. Mia moja na mbili. Baba akagawanya. "Thelathini na nane na nusu. Bado."

Mama alibandika shavu lake kwenye paji la uso la mtoto, akakaa hivyo kwa muda mrefu, macho ameyafumba.

Pi, pi, pi. Mia moja na tatu. Baba aligawanya mara mbili, kama alivyofanya mpakani kila mteja alipokuwa na haraka. "Inakaribia tisa, lakini haijafika. Mama Athieno, hii mvua itaua mtoto kabla ya homa."

"Baba Athieno, mtoto anaungua."

"Sista alisema tisa."

"Wewe unamsoma," mama akasema, taratibu. "Mimi nimemshika."

Mkono mmoja wa Okoth ukaruka wenyewe, ukatulia, ukaruka tena. Mama akasimama. Alimfunga mgongoni, akajitupia turubai tuliloanikia mihogo, akatoka kwenda kumwomba Mzee Obbo awashe pikipiki. Baba alimwita. Hakugeuka.

Baba akapanda juu ya benchi karibu na dirisha, mahali pekee penye mtandao, akampigia sista. Mvua ilipiga kelele juu ya bati, ikabidi aweke sauti ya nje.

"Inasoma ngapi?" sista akauliza.

"Mia moja na tatu. Mimi nagawanya kwa mbili nukta sita tano, napata—"

"Unagawanya kwa nini? Nani alikuambia?" Sista akapaza sauti. "Mzee, hiyo ni Farenhaiti. Toa kwanza thelathini na mbili, ndiyo ugawanye kwa moja nukta nane. Mtoto yuko wapi?"

Nilimwona baba akibonyeza. Kidole kilikosea, akafuta, akaanza upya. Thelathini na tisa nukta nne.

Okoth aliishi, leo ana sauti nzito kuliko ya baba. Lakini ilinichukua hadi sekondari, siku mwalimu alipotuambia maji huganda kwenye sifuri ya kipimo kimoja na kwenye thelathini na mbili ya kingine, ndipo nielewe kilichotupata. Pesa huanzia pamoja: mfuko mtupu Kenya ni mtupu Uganda. Joto halianzi hivyo. Rate ya baba ilikuwa kweli kwa mtu mzima wa afya, na kadiri mgonjwa alivyozidi kuungua ndivyo ilivyozidi kutudanganya, kwa upole, ikituambia bado. Kwa miaka mingi nilidhani baba alikuwa mkaidi siku ile. Sasa nina mtoto wangu mwenyewe, nami nimewahi kushikilia namba huku nikiogopa kumgusa. Aliogopa. Hesabu ilikuwa kitu pekee ambacho hakijawahi kumwangusha, akaishika kwa mikono miwili.

Siku ile sikujua lolote la hayo. Nilisikia pikipiki ya Mzee Obbo ikikohoa, ikikataa, ikikohoa tena. Baba aliiacha simu juu ya benchi, sista bado anaita, "Mzee? Mzee?" Akavua shati lake, sijui kwa nini, labda la kumfunikia mtoto, akakimbilia mvuani bila viatu, na upepo ukaubamiza mlango nyuma yake.