Mkutano wa Kunong'ona

Kazini walimwita Tarumbeta, na hakuna aliyemwonea. Mama yake mzazi alikuwa akisimulia kwamba siku alipozaliwa, aliyeshtuka hakuwa mtoto bali mkunga. Alikua na sauti hiyo, akaolewa nayo, na akaajiriwa nayo posta, kwenye kitengo cha kukusanya barua. Kila asubuhi alipanda baiskeli, mfuko wa turubai begani na shada la funguo kiunoni, akazunguka mitaani kufungua masanduku ya barua yaliyosimama kando ya barabara. Alikuwa akifungua, anakomba kilichomo, anafunga na kuondoka. Akimsalimia mwenye duka upande huu wa barabara, wa upande wa pili naye huitika.

Njia za kukusanya zilikuwa tatu: ya sokoni, ya hospitali na ya viwandani. Masanduku ya kilimani, ambako hata mbuzi hupumzika katikati ya safari, yalikuwa yakifuatwa na gari la posta. Basi gari likafa. Fundi alilifungua, akalitazama, akalifunga tena, akasema Mungu alilaze mahali pema. Uongozi haukuwa na mpango wa kununua jingine. Ukaja na mpango mwingine: njia tatu ziwe mbili, kilima kitiwe humo humo, na mzunguko wa alasiri ufutwe kabisa.

"Wanataka tufe tukiwa tumekaa juu ya baiskeli," alisema Mzee Soli, mkongwe wa kitengo, aliyeitwa hivyo kwa sababu alisimamisha baiskeli yake kwa soli ya kiatu.

Wakusanyaji wakakutana uani, nyuma ya stoo, kuchagua msemaji. Hapakuwa na kura. Meneja wao alikuwa mtu mpole mwenye mbinu moja tu, lakini ilikuwa haijawahi kumwangusha: aliwaacha watu wapige kelele mpaka waishiwe pumzi, halafu akasema, "Nimewasikia," akaenda kufanya alichotaka tangu mwanzo. Kwa mtu wa namna hiyo alihitajika mtu asiyeishiwa pumzi. Macho yote yakamgeukia Tarumbeta.

"Dada, ukimpigia kelele wewe, atatia saini huku amejificha chini ya meza," alisema Twiga, kijana mrefu wa njia ya viwandani, ambaye miguu yake ilianzia kifuani.

Tarumbeta akalivaa jukumu. Jioni, akishaivua viatu miguu yake, alimkalisha mumewe kwenye stuli awe Meneja. Mume alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, maana katika nyumba ile maneno yalikuwa tayari yana mwenyewe.

"Mnataka tugeuke ndege?" Tarumbeta alimfokea.

"Hapana, mke wangu."

"Usiniite mke wangu, wewe ni Meneja!"

"Nimekusikia," alisema mume, na mama mkwe kule chumbani akauliza kama nyumba inaungua.

Huenda hayo mazoezi peke yake yasingemdhuru. Lakini siku moja kabla ya mkutano, alipofika kwenye sanduku la sokoni, alikuta lori limeegeshwa ubavu kwa ubavu nalo, kiasi kwamba kijilango hakifunguki hata kwa upana wa kidole. Dereva alikuwa juu ya kiti chake anakula ndizi. Akamwambia ana ruhusa ya kupakua hapo. Tarumbeta akamjibu. Dereva akarudisha. Wauza nyanya wakaacha nyanya zao. Ugomvi ule ulikuwa mtamu, na Tarumbeta alishinda. Lori liliondoka likitoa moshi kwa aibu. Alipogeuka kuwashukuru wauza nyanya kwa kumuunga mkono, alifungua kinywa na hakikutoka kitu. Kilitoka kiupepo tu, kama cha mlango uliosahaulika wazi.

Nyumbani wakamwekea chumvi ya kusukutua, tangawizi na asali. Wifi yake akaja mbio kumpa pole, akamwangalia akihangaika na kikombe, akamnong'oneza kaka yake, "Kaka, hebu fanya maombi ya shukrani kwanza, dawa baadaye."

Asubuhi sauti haikuwa imerudi. Mzee Soli alipojua, alishika kichwa. "Tumekwisha. Tumepeleka bunduki vitani, risasi tumesahau nyumbani." Lakini wakati wa kubadilisha msemaji haukuwepo. Wakaingia.

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, ramani ya mji ukutani, na feni iliyogonga kila ikizunguka, ko-ko-ko, kama inadai kufunguliwa. Meneja alikuwa amekwisha kujiweka tayari kwa kelele: ameegemea kiti, mikono juu ya tumbo, macho nusu wazi. Akasema, "Karibuni. Semeni yote yaliyo moyoni."

Tarumbeta akasema. Meneja akasubiri. Midomo ilimsogea, mikono ikapanda na kushuka, sauti hakuna.

"Samahani, mama, sijasikia."

Akarudia. Meneja akainuka akazima feni. Akarudia tena. Meneja akafunga madirisha kwa ajili ya kelele za barabarani, akafungua mlango akamwomba karani aache kupiga mihuri, akarudi, akavuta kiti, akaketi karibu kabisa, sikio mbele. Na kwa sababu mwanadamu akinong'onezwa hujibu kwa kunong'ona, naye akanong'ona:

"Unasema alasiri?"

"Alasiri isifutwe," alinong'ona Tarumbeta. "Watu wa hospitali na wa sokoni wanaposti baada ya chakula cha mchana. Asubuhi hawana nafasi hata ya kujikuna."

"Ni kweli," Meneja alinong'ona, kisha akashangaa kujisikia amesema hivyo. Miaka yote alikuwa amejifunza kutosikiliza kelele. Dhidi ya kunong'ona hakuwa na kinga.

Twiga naye akanong'ona, Mzee Soli akanong'ona. Joto lilikuwa la kuokea mkate, wote wanavuja jasho, vichwa vimekutana katikati ya meza. Hapo ndipo mama wa chai alipoingia na sinia.

Aliwakuta watu wazima wameinama, nyuso zimelowa, hakuna anayesema kwa sauti. Akasimama pale mlangoni. Akamsikia Meneja akinong'ona, "Kwa hiyo masanduku ya sokoni na ya hospitali tumeshayamaliza. Sasa limebaki suala la masanduku ya kilimani. Nani atayabeba?"

Na Mzee Soli akajibu kwa huzuni, "Mimi mgongo wangu hauwezi, bosi. Kile kilima na sanduku ni mauti."

Sinia ikaanguka. "Mamaaa!" mama wa chai akapiga ukelele. "Wangapi? Ni ajali ya gari la posta, wamelirudisha barabarani, eeh? Nilisema lile gari litaua watu!"

Kabla hawajainuka, alikwisha kufika ukumbini. Karani akaacha muhuri hewani. Wateja waliokuwa kwenye foleni ya stempu wakavua kofia. Mlinzi wa getini akashusha bendera nusu mlingoti bila kuuliza bendera inashushwa kwa ajili ya nani. Meneja akatoka mbio, shati limemganda mgongoni, akasimama mbele ya watu na kupaza sauti, "Jamani, hakuna aliyekufa! Ni masanduku ya barua! Ya barua!"

"Ndivyo wanavyosemaga mwanzoni," mteja mmoja alimwambia mwenzake.

Tarumbeta, ambaye siku nyingine yoyote angeutuliza ukumbi ule kwa neno moja, alikuwa anapunga mikono tu nyuma ya Meneja, na watu wakazidi kumwonea huruma. Wakamshika mabega. Bibi mmoja akamkalisha akampepea kwa bahasha. Ikabidi Twiga aingie stoo, atoke na sanduku moja bovu la barua, jekundu, alinyanyue juu ya kichwa chake kama kombe la ubingwa, ndipo kicheko kikaanza kwa karani, kikapita kwa wateja, kikamwangukia Meneja, akacheka mpaka akajishika kwenye kaunta.

Waliporudi chumbani hakukuwa na mtu mwenye nguvu za kugombana. Meneja alikubali njia zibaki tatu, na alasiri ibaki kwa hospitali na sokoni. Wafanyakazi walikubali kilima kiunganishwe na njia mojawapo, kwa sharti kwamba barua za huko zichukuliwe mara moja kwa siku. Likabaki jambo moja.

"Nani atachukua kilima?" aliuliza Meneja.

Tarumbeta alikuwa na jibu tangu juzi. Kulikuwa na kijana pale mwenye miguu iliyoanzia kifuani. Akavuta pumzi ataje jina lake. Kikohozi kikamkaba. Akainua mkono kuomba maji.

"Mama mwenyewe!" alisema Meneja, machozi yakimlenga. "Mnaona? Huyu ndiye kiongozi. Hakumsukumia mwenzake."

Wakampigia makofi. Alitikisa kichwa kwa nguvu kukataa, wakadhani ni unyenyekevu. Twiga ndiye aliyepiga makofi kuliko wote, miguu ameikunja chini ya kiti isionekane sana.

Nyumbani ilimbidi aigize kisa chote kwa mikono. Mumewe alitazama mpaka mwisho, akatua sindano, akacheka kicheko ambacho tangu waoane alikuwa hajakitoa, huku akifuta macho kwa kitambaa cha suruali ya mteja. Tarumbeta akanuna. Kisha mama mkwe naye akaanza, na kununa ukiwa huna sauti ni kazi bure. Akacheka naye, kimya kimya, mabega yakimtikisika.

Sauti ilirudi baada ya siku chache, lakini mkataba ulikuwa umeshawekwa saini. Wiki ya kwanza alisukuma baiskeli kukipanda kile kilima akikitukana kila mita. Huko juu kulikuwa na masanduku mawili na wastaafu wengi. Mmoja, nesi wa zamani, alimngoja kila siku kibarazani na glasi ya maji, kwa kuwa alikuwa haamini barua yake imeondoka mpaka aione kwa macho yake ikiingia mfukoni. Wakawa wanapiga soga. Siku moja Meneja alimkuta uani akauliza kama abadilishwe, ampe Twiga njia ile.

"Twiga?" alisema Tarumbeta, na mlinzi wa getini akageuka. "Yule ana haraka. Watu wa kule wanataka mtu wa kukaa naye kidogo. Mwache kwanza. Wewe nitafutie gia za baiskeli."