Dohani Iliyopinda Katikati

Nilitoka Shinyanga nikiwa fundi mwashi, nikaajiriwa kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Kazi yangu ilikuwa kuziba nyufa kwenye dohani ndefu ya matofali iliyotoa moshi wa jumba la mitambo. Alasiri moja, nikiwa jukwaani karibu na kilele, ardhi ikatetemeka.

Nilikumbatia nguzo ya jukwaa. Kwanza dohani iliyumba yote, taratibu. Kisha mtikisiko ukawa wa haraka haraka: juu nilipokuwa pakavutwa mashariki, huku katikati pakitokeza magharibi. Nikasikia matofali yakisagana chini yangu.

Nilishuka upesi. Injinia, Mzungu wa makamo asiyependa makelele, alikuwa amekwisha kukagua chini kote asione ufa. Alisema dohani ikiyumba, shina ndilo linaloumia zaidi, na shina lilikuwa zima. Akaagiza moto uwashwe. Wachochea kuni wakaanza kurudi ndani.

"Bwana," nikamwambia, "haikuyumba tu. Ilipinda katikati."

Nyapara wetu akaniambia nifunge mdomo. Injinia akamnyamazisha kwa mkono, akaniuliza ilipinda vipi. Nikamwonyesha kwa kiwiliwili changu, kifua huku, kiuno kule. Akaokota ukanda mrefu wa chuma chembamba, akaushika chini na kuutikisa polepole. Ukayumba wote. Akautikisa kwa kasi, na ncha ikaenda upande mmoja, tumbo upande mwingine.

"Nilipiga hesabu ya myumbo wa kwanza tu, ule wa polepole," akasema. "Huu wa haraka niliuacha, niliona ni mdogo."

Akaamuru watu wote watoke. Kisha akapanda, nami nikamfuata, ingawa sikutaka. Tulipopita nusu ya urefu tukaukuta: ufa umezunguka dohani karibu yote. Nikachomeka kisu changu, kikazama mpaka kwenye mpini. Tulishuka hatua kwa hatua, nikihofia hata kukohoa.

Siku zilizofuata tuliibomoa kuanzia juu. Tulipofika kwenye ufa, matofali niliyainua kwa mikono mitupu, bila patasi.

Dohani mpya tuliijenga fupi zaidi, tukaifunga pete za chuma katikati na juu, si shinani tu. Mimi sikupanda tena. Niliomba kazi ya kujenga msingi, nikapewa.